Kampuni Inajua Namba ya Shamba, Haijui Jina la Mkataji

  Leo nina neno na makampuni yanayonunua mazao yetu hapa Trans Nzoia na Bungoma. Nina neno pia na mkulima mwenye mkataba na makampuni hayo, maana yeye mara nyingi husikiliza mazungumzo kama haya akidhani anasemwa mtu mwingine.

Mada ni utumwa mamboleo. Najua kuna aliyeshaanza kutafuta stesheni nyingine. Anasema hayo ni mambo ya Saudia, ya wale mabinti waliopanda ndege wakiahidiwa kazi ya nyumbani, wakafika wakanyang'anywa pasipoti na simu. Ni kweli hayo yapo, na nitayafikia. Lakini Shirika la Kazi Duniani, hili tunaloliita ILO, lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2022 kwamba watu milioni 27.6 duniani walikuwa kwenye kazi ya shuruti. Ukiwatafuta hao kwa kufuata mlio wa minyororo, hutawapata. Wako mashambani, migodini, viwandani, kwenye mijengo na jikoni mwa watu, na wengine wanarudi kulala kwao kila jioni.

Shirika hilohilo limekuwa na maelezo ya kazi ya shuruti tangu mwaka 1930: ni kazi ambayo mtu anaifanya kwa kutishiwa adhabu, na ambayo hakuikubali kwa hiari yake. Na adhabu si kiboko peke yake. Kunyimwa mshahara wa wiki tatu ambao umeshautolea jasho ni adhabu. Kushikiwa kitambulisho ni adhabu. Kuambiwa kwamba deni lako halijaisha, na kila ukiuliza limebaki kiasi gani unaonyeshwa daftari usiloweza kulisoma, hiyo nayo ni adhabu.

Tukubaliane jambo moja tusije tukachanganya mambo. Ujira mdogo ni dhuluma, lakini si kila ujira mdogo ni utumwa. Kibarua wa Matisi anayepalilia shamba la mtu kwa pesa kidogo, akalipwa jioni, na kesho akaamua kwenda kupakia mahindi sokoni, huyo ni maskini aliye huru. Swali la kuuliza ni hili: akitaka kuondoka kesho asubuhi, kuna kitu gani cha kumzuia? Kama jibu ni kwamba akiondoka hatalipwa alichofanyia kazi, au kitambulisho chake kiko kwenye droo ya mtu, hapo tumeshaanza kuzungumza habari nyingine.

Sisi wa sehemu hizi tuna historia yetu na jambo hili. Mjini Kitale, kwenye ile klabu ya walowezi wa zamani, kuna mawe yaliyopangwa kwa duara, na husimuliwa kwamba hapo misafara ya watumwa ilipumzika ikitoka upande wa Uganda kuelekea pwani. Simulizi hiyo tuwaachie wanahistoria. Lakini yaliyofuata yameandikwa kwenye sheria. Walowezi walipogawiwa ardhi ya Trans Nzoia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walihitaji mikono ya kulima, na serikali ya kikoloni ikaitafuta mikono hiyo. Kipande, yaani kitambulisho cha lazima, kilianza kutumika kati ya mwaka 1919 na 1920. Mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni, kimewekwa ndani ya kikopo cha bati, na humo mmeandikwa jina la mwajiri wake, muda aliofanya kazi na ujira wake. Kumtoroka mwajiri kabla ya mkataba kwisha lilikuwa kosa la jinai, polisi wanakufuata. Vita vya Pili vilipopamba moto, mwaka 1942, zikatungwa kanuni za kuwachukua Waafrika kwa nguvu wakafanye kazi hata kwenye mashamba ya watu binafsi, kwa hoja kwamba ni kazi muhimu kwa vita.

Kwa hiyo katiba yetu ya mwaka 2010 iliposema katika kifungu cha 30 kwamba mtu hatawekwa utumwani wala hatalazimishwa kufanya kazi, haikuwa ikinakili maneno mazuri ya watu wa mbali. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ilikuwa imeshapiga marufuku kazi ya kulazimishwa. Sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa watu, ya mwaka 2010, inamwekea mkosaji kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Sheria tunazo. Zimepangwa vizuri kabatini.

Sasa makampuni. Mwaka 2015 Uingereza ilipitisha Sheria ya Utumwa Mamboleo. Kampuni yoyote inayofanya biashara huko na yenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka, lazima itoe taarifa kila mwaka ikieleza imefanya nini kuhakikisha hakuna utumwa ndani yake na kwa wale wote wanaoiuzia bidhaa, kuanzia kiwandani mpaka shambani. Ni hatua nzuri, lakini tazameni mlango ulioachwa wazi. Sheria hiyo inaruhusu kampuni kuandika kwamba haijafanya lolote, ikatia sahihi, na ikawa imetimiza wajibu. Ndiyo maana ukizisoma taarifa hizo, nyingine ni kama zimeandikwa na mtu mmoja: tunapinga utumwa, tuna sera, tumewafunza wafanyakazi wetu, tutaendelea kufuatilia. Ukimaliza kurasa nane hujakutana na shamba hata moja.

Ufaransa ilikwenda mbali zaidi mwaka 2017, ikaruhusu kampuni kubwa kushtakiwa kwa kushindwa kuwa macho juu ya wanaoiuzia bidhaa. Ujerumani nayo ikaanza kuitumia sheria yake ya aina hiyo mwaka 2023. Umoja wa Ulaya mwaka 2024 ukapitisha kanuni ya kuzuia bidhaa yoyote iliyotokana na kazi ya shuruti isiuzwe kwenye soko lake, na itaanza kutumika Desemba 2027. Hilo la mwisho lituguse hapa, maana maua yanayolimwa chini ya Mlima Elgon yanapanda ndege kwenda Ulaya, na kahawa ya upande wa Bungoma inanywewa hukohuko.

Lakini mimi nataka twende Bukembe, kwenye miwa, ambayo haipandi ndege kwenda popote. Sukari yetu tunainywa wenyewe kwenye chai, na hakuna mwanamke wa London atakayeiuliza imetoka kwa nani.

Kampuni ya Sukari ya Nzoia, iliyo hapo Bukembe, ilianzishwa mwaka 1975 na kiwanda kikaanza kusaga mwaka 1978. Mwaka 2025 serikali ilikikodisha kwa kampuni binafsi, na mojawapo ya mambo yaliyozua mvutano mkubwa ni malimbikizo ya mishahara ya wafanyakazi. Tafakarini kidogo. Katika dalili 11 za kazi ya shuruti ambazo ILO imeziorodhesha, kuzuia mshahara ni mojawapo, na hapa mwajiri alikuwa kampuni ya umma. Watu waliingia kazini asubuhi, wakatoka jioni, mwezi ukaisha, mwingine ukaisha, na kilichowafunga pale hakikuwa ukuta. Ni hesabu tu: nikiacha kazi leo, nani atanilipa ya nyuma? Sitasema Nzoia ilikuwa na watumwa. Nasema kwamba kamba ya kwanza inayomfunga mtu kazini ni mshahara aliokwisha kuufanyia kazi na hajapewa, na kamba hiyo inasokotwa hata na waajiri wasio na nia mbaya.

Na hao ni wafanyakazi wa kuajiriwa, wenye chama cha wafanyakazi, wenye namba za kazi, wanaoweza kuandamana mpaka lango kuu na kamera zikaja. Shuka chini yao umkute mkataji.

Alfajiri, umande ungali kwenye majani, trekta linashusha vijana kando ya shamba la mkulima. Kila mmoja na panga lake, shati la mikono mirefu kwa sababu jani la muwa linakata kama wembe, soksi zimevutwa juu ya suruali. Aliyewaleta ni kontrakta, au mtu wa kontrakta. Wanakata, wanachambua majani, wanapanga kwa mafungu. Malipo ni kwa tani. Lakini tani hiyo haipimwi hapo shambani, inapimwa kwenye mizani ya kiwanda, mkataji akiwa hayupo. Na muwa uliokatwa ukalala juani siku mbili tatu kwa kukosa trekta unapoteza uzito, kwa hiyo jasho lile lile linalipwa pungufu. Jumamosi nyapara anakuja na daftari. Anasoma majina. Huyu amekula advansi. Huyu alikopa unga. Huyu panga lilikuwa la kontrakta. Sheria ya Ajira inasema makato ya mshahara kwa wakati mmoja yasizidi theluthi mbili, lakini kibarua wa tani hana karatasi ya malipo ambayo angeipeleka kwa afisa wa kazi kumwonyesha. Kilichoandikwa kimeandikwa na mkono mmoja, kwenye daftari moja, na daftari linarudi mfukoni.

Haya, sasa geukeni upande wa pili wa mizani. Kiwanda cha sukari kinajua nini juu ya mzigo huo? Kinajua namba ya shamba. Kinajua jina la mkulima na namba yake ya simu. Kinajua aina ya muwa, ulipandwa lini, ulitiwa mbolea ya nani, trekta gani limeubeba, na uzito wake. Kinajua kila senti ya kumkata mkulima: ya kulimiwa, ya mbegu, ya mbolea, ya kukatiwa, ya kusafirishiwa, kiasi kwamba yuko mkulima anayesubiri muwa miezi kumi na minane halafu karatasi yake inatoka na deni. Kuna kitu kimoja tu ambacho hakimo kwenye orodha ndefu namna hiyo, nacho ni jina la aliyeukata.

Mkoloni alilijua jina la kibarua ili amkamate. Kampuni ya leo hailijui, ili isiulizwe.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na ningependa wenye makampuni wanisikilize. Mnapoulizwa juu ya vibarua mnasema mnyororo wa ugavi ni mrefu, mnasema hao si wafanyakazi wetu, ni wa kontrakta, ni wa mkulima, hatuwezi kujua kila mtu. Lakini mnajua kila kitu kingine. Kilichowashinda hapa si uwezo.

Mfano ulio wazi kuliko wote uko Kitale. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa huko mwaka 1956, na mwaka 1964 mbegu chotara ya 611 ikatoka, ndugu zake wakafuata, mpaka leo ukitaja 614 hata mtoto wa Cherangany anajua unasema nini. Mbegu hiyo haizalishwi na kampuni peke yake. Wako wakulima wa mkataba. Shambani hupandwa mistari ya mahindi jike na mistari ya mahindi dume. Mahindi yakikaribia kuchanua, mbelewele za mistari ya jike lazima zing'olewe zote, kila mmea, kabla hazijamwaga unga wake. Zikibaki chache, jike litajichavusha lenyewe na mbegu itaharibika. Kazi hii haingoji. Ni siku chache, kila asubuhi unarudia kwa sababu mimea haichanui kwa pamoja, na inahitaji watu wengi kwa mpigo. Sisi hupanda Machi na Aprili, kwa hiyo mbelewele huchomoza Juni na Julai, wakati shule zikiwa katikati ya muhula.

Kwenye mashamba hayo wakaguzi hawakosi. Mtu wa kampuni anapita. Mkaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali la kukagua mimea na mbegu, anapita, maana bila yeye kuidhinisha shamba, mbegu haiwezi kuuzwa kama mbegu. Wanatembea kati ya mistari wakihesabu mbelewele zilizosahaulika. Zikizidi kiwango, shamba zima linakataliwa na mkulima amepata hasara ya mwaka. Na kwa sababu adhabu ni kali na ukaguzi ni wa kweli, mkulima anatii. Hakuna mkulima wa mbegu anayemwambia mkaguzi kwamba mnyororo ni mrefu.

Sasa, yule anayeng'oa mbelewele ana miaka mingapi? Nani amemleta? Atalipwa lini, na nani? Simtuhumu mtu hapa. Nasema tu kwamba mkaguzi anayeweza kuona ua moja lililobaki kwenye ekari kumi hashindwi kumwona mtoto wa darasa la sita anayepaswa kuwa shuleni. Kampuni ikiandika kwenye mkataba kwamba shamba litakataliwa kwa ajili ya mtoto kama linavyokataliwa kwa ajili ya mbelewele, ikamaanisha, jambo hili litakwisha ndani ya misimu miwili. Niko tayari kubishana na yeyote.

Tumbaku nayo ina somo lake. Kule Malakisi, kampuni ya sigara ya BAT imenunua tumbaku kwa mikataba kwa miaka mingi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kampuni hii hutoa taarifa ya utumwa mamboleo, na maafisa wake wa mashambani huwatembelea wakulima na kuuliza habari za watoto. Kwa hiyo wao wanauliza. Tatizo ni kile kisichoulizwa. Mkulima wa tumbaku anapewa mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, mkopo unakatwa siku ya kuuza. Anayepanga daraja la jani ni mnunuzi. Kabla ya kufika hapo kuna kuchuma, kufunga majani kwenye vijiti, kukausha kwa moto usiku na mchana. Jani bichi lenye umande lina sumu ya nikotini inayopenya kwenye ngozi, mtu anatapika na kuumwa kichwa. Ikiwa bei ya jani haitoshi kumlipa mtu mzima wa kufunga vijiti, nani atafunga? Jibu liko nyumbani, lina sare ya shule. Afisa akija ataliona limejificha nyuma ya nyumba, ataandika kwamba mkulima ameonywa, na bei itabaki palepale. Sheria yetu inamruhusu mtoto wa miaka 13 hadi 16 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkosesha shule. Kufunga tumbaku si kazi nyepesi, na kila aliyewahi kuifunga anajua.

Ndiyo maana sina imani kubwa na ukaguzi unaofanywa huku bei haiguswi. Mnunuzi anayeminya bei kwa mkono wa kulia na kutoa karatasi ya haki za binadamu kwa mkono wa kushoto ameshachagua nani atakayebeba gharama, naye ni aliye mwisho kabisa wa foleni.

Kuna wanaoniuliza kama makampuni yana nguvu yoyote kweli. Yanayo. Mwaka 2020 wanasheria wa Uingereza waliwasilisha kesi dhidi ya kampuni ya Camellia, mwenye hisa nyingi wa Kakuzi kule Murang'a, kwa madai kwamba walinzi wa shamba walikuwa wamewapiga na kuwabaka watu, na hata kuua. Hayo hayakuwa madai ya utumwa, lakini tazama jinsi mnyororo ulivyotikisika. Tesco na maduka mengine makubwa ya Uingereza yaliacha kununua parachichi za Kakuzi. Februari 2021 Camellia ikakubali kulipa, bila kukiri kosa, jumla ya pauni milioni 4.6 pamoja na gharama za kesi. Baadaye Kakuzi ikaweka utaratibu wa kupokea malalamiko na kamati huru ya kuishauri juu ya haki za binadamu, ikiongozwa na Githu Muigai aliyekuwa Mwanasheria Mkuu. Miaka ya wanakijiji kulalamika haikuleta yote hayo. Rafu tupu za supamaketi zilileta.

Lakini tahadhari. Mnunuzi akikimbia na asirudi, kibarua ndiye anayebaki bila kazi, na mwenye kosa anatafuta mnunuzi mwingine asiyeuliza maswali. Anayetaka kusaidia asimame, aweke masharti, na alipe sehemu ya gharama ya kurekebisha. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyekutwa shambani. Ukimfukuza tu, kesho yuko kwenye machimbo ya mchanga au anaosha vyombo hotelini mjini. Njia inayofaa ni kumrudisha shule, na ile kazi apewe mama yake au kaka yake mkubwa kwa mshahara wa mtu mzima.

Niliahidi kugusa habari za ng'ambo. Hapa pia makampuni yamo, si madalali wa mtaani peke yao. Wakenya wengi walikwenda Qatar kulinda majengo na hoteli kabla ya Kombe la Dunia la mwaka 2022. Mmoja wao, Malcolm Bidali, aliyekuwa mlinzi, aliandika mtandaoni kwa jina la kubuni juu ya maisha ya vibarua wenzake: vyumba vilivyojaa, saa nyingi, mapumziko ya kubahatisha. Mei 2021 alikamatwa, akawekwa kizuizini, na baadaye akatozwa faini. Alichokuwa akikisema kinaanzia kwetu. Kijana wa Webuye anauza ng'ombe, baba anaweka shamba rehani, pesa zinapewa wakala wa Nairobi ili apate kazi ya kulinda mlango wa hoteli. Akifika anakuta mshahara si ule aliotajiwa. Arudi? Na ng'ombe? Na shamba? Deni alilosafiri nalo linamfunga kuliko pasipoti. Kanuni inayofaa inajulikana na makampuni makini yameshaikubali: gharama ya kuajiri inalipwa na mwajiri, mfanyakazi halipi hata shilingi. Waandalizi wa Kombe lile walifikia kuwataka makontrakta wao wawarudishie vibarua ada walizolipa, na baadhi walirudisha. Kwa hiyo inawezekana. Hoteli inayoajiri walinzi kupitia kampuni nyingine iulize swali moja tu kabla ya kutia sahihi: hawa walilipa nini kufika hapa?

Nirudi kwetu nimalizie. Mkulima mwenzangu, nilisema nina neno na wewe. Wewe ndiye mwajiri ambaye kampuni inajificha nyuma yake. Siku mambo yakiharibika, mkataba utasomwa na itaonekana kwamba vibarua walikuwa wako. Najua kampuni ikikuchelewesha nawe unamchelewesha kibarua, na sikulaumu kwa pesa usiyonayo. Lakini yapo usiyohitaji pesa ya kampuni kuyafanya. Nunua daftari lako mwenyewe. Andika jina la kila aliyeingia shambani mwako, umri wake na namba yake ya simu, hata kama ameletwa na kontrakta. Mlipe kwa M-Pesa, kwa laini yake mwenyewe, isipitie kwa nyapara, ili ushahidi ubaki kwenye simu ya aliyefanya kazi. Usishike kitambulisho cha mtu, hata akikupa mwenyewe kama dhamana ya advansi. Na fahamu kwamba kibarua aliyekufanyia kazi mwezi mzima mfululizo si kibarua tena mbele ya sheria. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinampa haki za mfanyakazi wa mwezi, hata mkimwita kibarua mpaka kesho. Ule ujanja wa kumsimamisha siku mbili kila wiki ya tatu halafu kumrudisha, maafisa wa kazi wanaujua.

Na ninyi wenye makampuni: acheni kutuwekea sanduku la maoni kwenye ofisi yenye mlinzi, na anwani ya baruapepe chini ya bango. Mkataji wa miwa hatumi baruapepe. Wekeni namba ya simu isiyotoza, ipokelewe na mtu anayesikia Kibukusu, Kisabaot na Kiturkana, na asiwe jamaa ya kontrakta. Walipeni wakulima kwa wakati. Na kwenye ile karatasi ya mizani yenye namba ya shamba na namba ya trekta, ongezeni mstari mmoja wa majina ya waliokata.

Kwa wewe unayenisikiliza ukiwa ndiye kibarua mwenyewe: ofisi za kazi ziko Kitale na ziko Bungoma, na huhitaji wakili kuingia. Ukimwona mtoto anayetumikishwa, piga 116, haitozwi pesa. Msimu wa mbelewele ukifika, mkaguzi atakapopita kati ya mistari, muulize anahesabu nini.